Nguzo za Mwaloni Mbichi

Laurel Lick, Kentucky
14 Februari 1971

Dada Zella,

Nakusalimu, ingawa najua salamu zangu utazipokea kwa ncha za vidole. Sisi huku ni wazima kwa kiasi chetu. Mama bado anachechemea tangu alipoteleza kwenye barafu wiki ya Krismasi, lakini fimbo hataki. Anasema fimbo ni ya wazee, na yeye ana miaka sabini na moja. Nguruwe tulimchinja, nyama ipo kwenye chumvi. Shangazi Lovina anadai ameota jino jipya, na kila anayeingia dukani kwa Otha anafunguliwa kinywa aangalie.

Naandika kwa sababu wewe ndiye uliyetaka niandike. Maneno yako ya mwezi wa Novemba, pale kwenye kaburi la Baba, sijayasahau: "Denvil, ukitaka kitu kwangu, andika. Sauti yako sitaki kuisikia." Haya, nimeandika. Sauti sijatoa.

Shida yangu ni hii. Nimepata kazi ya kutengeneza mapaa ya mabanda ya tumbaku, toka hapa mpaka ng'ambo ya kilima. Mbao zake ni za futi kumi na sita, na bodi ya pikapu ya Baba ni futi nane. Juzi nimezikokota nyuma yangu maili sita, zikafika zimechongoka kama penseli. Nahitaji keria juu ya bodi, ya mbao, kama ile Baba aliyomfungia Mhubiri Fugate. Wewe ndiye uliyekuwa unamshikia spana siku ile. Mimi nilikuwa nimetoroka kwenda kuvua samaki, kama kawaida. Nikienda kwa fundi wa mjini nitachekwa mpaka Pasaka, mtoto wa Elzie Combs ameshindwa kufunga keria.

Kwa hiyo nakuomba. Neno hilo limeniuma kuliandika, usinitake nilirudie.

Mdogo wako,
Denvil


Dayton, Ohio
3 Machi 1971

Denvil,

Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa. Siku tano tu. Nakutajia kwa sababu uliwahi kunieleza kwamba barua za kutoka huko zinapotea njiani wiki nzima. Niliiacha mezani siku kumi na mbili bila kuifungua. Kuanzia sasa nitafanya hivyo kwa kila barua yako, ili nawe ujue mtu akingojeshwa anajisikiaje.

Mimi ni mzima. Kiwandani wamenihamishia kwenye milango ya majokofu, skrubu ni zilezile, mikono ndiyo inayozeeka. Chumba cha chini wamehamia watu wa milimani kwetu. Wakipika maharage na mkate wa mahindi, harufu inapanda ngazi hadi mlangoni kwangu, nami nasimama pale nainusa kama mbwa aliyefungiwa nje.

Mama hajaniandikia tangu Novemba. Maisha yake yote hajawahi kunifanyia hivyo. Msomee barua hii, kisha uniambie amesema nini, neno kwa neno. Usiongeze na usipunguze.

Kuhusu keria, nitakufundisha. Hilo Baba aliniachia mimi, halikuwa la kuachwa mezani ulibebe wewe pamoja na pikapu, nyumba na kila kitu. Anza kwa kupima. Kwenye ukingo wa bodi kuna matundu manne ya mraba, mawili kila upande. Pima mapana yake na kina chake. Pima toka tundu moja hadi jingine, kwa urefu na kwa mkato. Pima na urefu wa kabini toka kwenye ukingo huo. Tumia futi kamba, si mikono yako. Wewe ni mtu wa kukisia, na kukisia ndiko kulikokufanya uweke mlango wa banda la kuku ukafungukia ndani.

Zella


Laurel Lick
13 Machi 1971

Dada Zella,

Habari za huku ni matope. Theluji imeyeyuka yote kwa siku mbili, na gari la posta limekwama mara tatu pale kwa Otha. Kuku wameanza kutaga. Mama anaendelea vizuri.

Nilimsomea barua yako. Alikuwa mezani anakata karatasi za maua ya makaburini, maana mwaka huu lazima yawe mengi, kaburi limeongezeka. Ulitaka neno kwa neno. Basi, hakusema neno. Alikata majani matatu ya waridi, akayapanga, kisha akaniuliza kama nimelisha kuku. Anaamini ulichagua majokofu ya watu badala ya kuja kumzika baba yako. Unamjua Mama akishaamini kitu. Mimi siwezi kumwingilia.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii, kwa futi kamba, na mlango wa kuku nimeugeuza tangu mwaka juzi, kwa taarifa yako.

Sasa swali ni mbao. Nimekwenda kwenye kinu cha kupasua mbao cha mzee Orbie. Kule darini kuna mwaloni ambao Baba mwenyewe aliuweka ukauke, una miaka miwili pale, mkavu kabisa. Orbie anasema niuchukue huo. Lakini chini ya msumeno wake kuna mwaloni uliopasuliwa wiki hii, bado unatoa maji, na ni rahisi kuufanyia kazi. Nichukue upi?

Denvil


Dayton
30 Machi 1971

Denvil,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Huku mvua. Nimeota Mama ananichana nywele kama zamani, nikaamka na hasira.

Sasa sikiliza, na usome mara mbili.

Chukua mwaloni mbichi. Huo wa darini uache hukohuko. Umekuwa mgumu kama kichwa chako, utakuvunjia keekee tatu kabla hujatoboa tundu la kwanza. Mbichi unatoboka, unachongeka, na miguu ya nguzo ukiichonga iingie kwenye matundu kwa kugongwa nyundo, itabana mpaka ushindwe kuing'oa. Orbie akikuambia vingine, mwache aseme. Orbie anajua kupasua miti tu.

Nguzo ni nne. Kimo chake ni juu ya kabini kwa ngumi moja, yako si ya Mama. Kabla ya kuziingiza, kata tyubu kuukuu ya gurudumu uivishe kila mguu, mbao isikwaruze chuma. Ukishazigonga zikaingia, toboa ukingo na mguu kwa pamoja, upitishe boliti, na kila upande uweke washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu. Chuma ulichokitoboa ukipake rangi siku hiyohiyo kabla umande haujakigusa, la sivyo kutu itakula pikapu ya Baba, na hilo nalo litahesabiwa juu yako. Halafu mhimili mmoja wa kukata mbele, mmoja nyuma, na miwili ya urefu kuiunganisha. Kila kona iwe na mkono wa mshazari. Ukiiacha bila mishazari, keria itayumba kama ndama aliyezaliwa leo.

Kaza boliti mpaka mbao ilie kidogo, kisha acha. Ukishakaza umemaliza. Usizichezee tena.

Niambie utakapoifunga, na niambie Mama amesema nini.

Zella


Laurel Lick
11 Aprili 1971, Jumapili ya Pasaka

Dada Zella,

Heri ya Pasaka. Mama ameoka paja la nguruwe na keki ile ya matofaa ya kupangwa, matabaka saba, nami nimekula kwa niaba yako. Nyonga yake imetulia kidogo. Kanisani wote wamekuulizia, na Mama amewajibu, "Yuko Ohio," akaendelea kutembea.

Keria imesimama! Ilinichukua siku nne. Ya kwanza nilitoboa tundu mahali pasipo pake, usiniulize. Lakini baada ya hapo mkono ulikolea. Nguzo zimeingia kwa nyundo, zimebana kabisa, nimezining'inia kwa uzito wangu wote kama sokwe na hazikutikisika. Rangi nimepaka. Watu wanasimama barabarani kuitazama. Mhubiri Fugate aliizunguka akasema, "Hii ina mkono wa Elzie." Sikumwambia ni mkono wa nani.

Orbie alipita akaicheka. Akasema, "Denvil, mwaloni mbichi ni mtoto mnene. Mpe miezi miwili, atakonda, na suruali itamvuka." Nikamwambia nimeelekezwa na Zella, na Zella amefundishwa na Elzie Combs, akitaka ubishi amfuate Ohio. Akatema tumbaku yake, akaenda zake.

Mama naye alitoka barazani akachechemea mpaka kwenye gari. Akagonga nguzo moja kwa kifundo cha kidole, hivi, ngo ngo. Akaweka sikio. Halafu akarudi ndani.

Kuna jambo moja nakumbuka kwa mbali. Baba hakuwa akiizungukia ile keria ya mhubiri, spana mkononi, kila Jumamosi? Au ninachanganya?

Ahsante, Dada. Sasa nimeandika na hilo.

Denvil


Dayton
25 Aprili 1971

Denvil,

Nimefurahi imesimama. Kweli nimefurahi.

Baba alipenda kutembea na spana mkononi, ndiyo unayoikumbuka. Wewe kaza mara moja basi. Na usiionee huruma keria hiyo, ipakie sana. Mbao nyingi, ngazi, chochote. Imejengwa kubeba.

Ninayo bahasha yako ya Novemba, ile iliyoniletea habari ya kifo cha Baba, hapa mbele yangu. Nimekuwa nikiitazama kila siku tangu siku ile. Baba alifariki Alhamisi tarehe tano. Mlimzika Jumamosi tarehe saba. Muhuri wa posta kwenye bahasha unasema Jumatatu, tarehe tisa. Nilipokuja, udongo ulikuwa umeshaanza kutulia, na Mama akanipa mgongo mlangoni kwake. Kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi, ili unijibu kwa maandishi: barua ile uliitia posta lini, na Mama ulimwambia nini?

Zella


Laurel Lick
16 Mei 1971

Dada Zella,

Pole kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Mama mzima. Bustani imeota vizuri, vitunguu na viazi. Shangazi Lovina jino limeng'oka, kumbe lilikuwa mfupa wa kuku uliomchoma kwenye ufizi tangu mwaka jana.

Hilo ulilouliza, posta ya milimani unaijua. Barua zinakaa. Mambo ya siku ile yalikuwa mengi na kila mtu alikuwa na lake. Tuyaache.

Keria inafanya kazi. Nimebeba mbao za mabanda mawili. Siku hizi inalialia kidogo kwenye kona, na ile nguzo ya nyuma kulia nikiishika inacheza tunduni. Nadhani ni barabara.

Siku ya makaburi, ya kuyapamba na kula pamoja kule juu, ni Jumapili tarehe 30, kama kila mwaka. Safari hii tumekubaliana pikapu ya Baba itangulie. Mbao zote za kutandika meza nitazifunga juu ya keria, na vyungu na maji nitaviweka bodini. Unaijua njia ya kule juu, imesimama kama ukuta. Mama anasema atapanda kwa miguu kama alivyopanda miaka yote, akishika ule mlango wa nyuma wa bodi gari lionekane linamvuta. Shangazi Lovina na wengine watafuata nyuma yake na maua. Nimemwambia apande ndani kabini akae. Amenijibu kwamba kwa mumewe haendi amekaa.

Nimeona nikujulishe tu. Mama hajasema uje wala hajasema usije.

Denvil


Dayton
29 Mei 1971, Jumamosi

Denvil,

Usipakie keria. Usiwashe hata gari. Mama asisimame nyuma yake.

Najua barua hii haitakuwahi. Yako ilifika tarehe ishirini na moja, nami nikaiacha mezani bila kuifungua, kama nilivyoapa, na leo nimeifungua saa saba mchana kwa sababu nilichoka kuitazama. Nimepiga simu dukani kwa Otha. Inaita tu. Bila shaka kafunga, yuko juu na nyinyi nyote mnafyeka nyasi za makaburini. Nimempigia sherifu, akaniuliza kama nimekunywa. Basi la kuja huko limeondoka asubuhi, na lingine ni kesho jioni. Nimeshuka kwa wale watu wa chini, wana gari. Nimegonga mpaka mkono ukavimba. Jengo zima halina mtu, Denvil. Kila mtu wa milimani ameondoka kwenda kwenye makaburi ya kwao, nimebaki mimi.

Sasa nitasema, maana hakuna tena wa kumficha. Mwaloni mbichi husinyaa. Kila fundi anajua, na Orbie alikuambia kweli. Nguzo inayoingia kwa nyundo mwezi wa nne, mwezi wa sita inaingia kwa mkono, na boliti zinabaki zimeshika hewa. Ndiyo maana Baba alikuwa akikausha mbao zake miaka miwili, na hata hizo kavu alizungukia boliti na spana kila Jumamosi. Ulikumbuka sawasawa. Mimi nikakudanganya. Nilikuambia uchukue mbichi kwa makusudi, nikakuambia uipakie sana kwa makusudi. Nilitaka siku moja mbao zote zikumwagikie barabarani, mbele ya duka la Otha, watu wakuone, wacheke, waseme huyu ndiye aliyeachiwa pikapu ya Elzie. Nilikuwa nikikaza skrubu kiwandani, naiona picha hiyo, napata nguvu ya kumaliza zamu.

Nilitaka wewe uumie. Siku zote nilikuona wewe peke yako barabarani. Mama sikumwona nyuma ya gari lile, wala Lovina na maua yake.

Naipeleka barua hii posta sasa hivi kwa miguu. Sijui naipeleka kwa nani.

Zella


Laurel Lick
2 Juni 1971

Zella,

Barua yako imefika leo mchana. Kabla ya yote, Mama ni mzima. Wote ni wazima. Ningeweza kukuficha hilo siku kumi na mbili, na nakiri nilikaa na kalamu mkononi nikilipima wazo hilo. Mama amesimama nyuma ya kiti changu, hilo ndilo lililonizuia.

Jumapili tulijipanga chini ya kilima. Nilikuwa nimefunga mbao zote kumi na nne. Nimewasha gari, Mama kashika mlango wa nyuma, wanawake wako nyuma yake na vikapu vya maua. Nikaanza kutia gia. Mama akapiga bodi kwa kiganja. "Zima."

Nikashuka. Alikuwa ameshika ile nguzo ya nyuma kulia. Akaitikisa, ikageuka tunduni kama kijiko kwenye chungu. Akaniambia mbele ya watu wote, "Wewe Denvil, unanipeleka kwa baba yako nikalale hukohuko leo?"

Nikasema, "Mama, ni barabara tu."

"Barabara! Tangu Pasaka nimeigonga nikasikia maji. Miaka arobaini na minane nimelala na fundi, sijui mlio wa mbao mbichi? Nilikuwa nakungoja uje uniambie mwenyewe. Nani alikwambia utumie hii?"

Zella, barua yako ya mwezi wa tatu nilikuwa nayo mfukoni. Nilianza kuibeba tangu wiki ile nguzo ilipoanza kucheza, maana sikuwa mjinga kiasi ulichonidhania. Nilikuwa sijui ubaya wenyewe, lakini nilijua upo. Nikaitoa nikaisoma kwa sauti, pale njiani, mbele ya Lovina, na Otha, na mhubiri, na Orbie aliyekuwa anatikisa kichwa kila mstari. "Chukua mwaloni mbichi." "Ukishakaza umemaliza." Niliisoma polepole. Sitakudanganya, niliufurahia kila mstari. Nilikuwa nimengoja siku ya kukuona umeshushwa mbele ya watu tangu tulipokuwa watoto.

Nilipomaliza nilidhani Mama atakulaani. Akaichukua barua mkononi mwangu. Halafu akaniuliza, "Na wewe ulimfanya nini hata afikie huku?"

Nikasema, sikumfanya kitu.

"Zella hana mkono wa kuharibu kazi ya mbao. Hata alipokuwa na miaka saba hakuwa nao. Ulimfanya nini?"

Sasa nami nitaandika kwa mkono wangu lile ulilouliza, kwa sababu Mama ananisomea begani kila neno. Baba aliugua siku tisa. Siku zote tisa nilimlisha mimi, nilimgeuza mimi, nilimwosha mimi, na siku zote tisa aliniita Zella. "Zella, nipe maji. Zella, spana iko wapi." Sikuwahi kuitwa Denvil hata mara moja, na hata siku ya mwisho aliponishika mkono alikuwa ameshika wako. Alhamisi ile nilikaa nikakuandikia, bahasha nikaifunga, nikaiweka kwenye koti, na nikazunguka nayo mpaka Jumatatu. Mama nilimwambia nimekupelekea simu ya maandishi na ukajibu kwamba kazi haikuruhusu. Nilitaka walau kumzika nimzike peke yangu.

Hayo ndiyo niliyoyasema pale njiani. Lovina alikaa chini kwenye nyasi. Mama alifungua kamba za keria kwa mikono yake, akasema, "Shusheni." Mbao zote kumi na nne zilipanda kilima kwa mabega ya watu, mimi nne, na hakuna aliyenisaidia. Meza ilitandikwa, tukala kuku na maandazi ya mchuzi, na hakuna aliyesema nami mpaka jua likapinda. Maua ya Baba yalikuwa waridi nyekundu za karatasi, zimechovywa nta. Mama aliweka mafungu mawili. La pili alisema ni la kwako.

Sikuombi msamaha, na wewe usiniombe. Sijafika huko.

Denvil

Zella. Huyu ni mimi, Mama. Nimesoma zako zote, na hii yake, na ile bahasha ije nayo utakapokuja, nataka kuuona huo muhuri kwa macho yangu. Jiwe la kaburi la baba yenu litakuwa tayari wiki ya tarehe kumi na tano mwezi huu, na tutalipandisha Jumapili tarehe 20. Litakaa bodini, na juu ya keria nitapakia mbao zote kumi na nne na ngazi ya Orbie. Mwaloni mkavu wa baba yenu ungali darini. Spana ziko kwenye droo yake ya chini, palepale. Zella, ufike Alhamisi tarehe 17; mnazo siku tatu za kuibomoa keria hiyo na kuijenga upya pamoja, au kuiacha ilivyo, kwa kadiri mnavyoaminiana. Mimi sitaigonga tena wala sitaisikiliza. Siku hiyo nitaendesha mimi. Nyinyi wawili mtatembea nyuma.